Goti Mbele ya Shangingi

Husna, acha kila kitu usome.

Unakumbuka kaka Kristian alivyobisha kwenye kipaimara, eti shangingi lake, lile gari refu, ndio usalama wa familia?

Leo hapa Malindi kapakia wanawe, kawasha gari. Mjukuu wa jirani akaja mbele kumwamkia, akapiga goti kama alivyofundishwa. Akazama mzima chini ya usawa wa boneti. Kristian haoni mtu, akaondoa gari!

Bibi wa mtoto akapiga yowe, ndipo akakanyaga breki. Bampa ilishagusa kitambaa cha mtoto kichwani. Kitambaa, Husna!

Mtoto akadhani hajasikika. Akapiga goti tena, palepale. “Shikamoo baba.”

Gari tumelizima sisi. Kristian bado kang’ang’ania usukani, “sikumwona, sikumwona.”

Marahaba hajaitikia mpaka sasa.