Nguzo ya Kati

Jumatatu, mwezi 4 Rajabu 1323

Mlango wa chumbani haufungiki tena. Ukuta wa kati umetoka tumbo — na paa limelemea huko, juu ya kitanda cha mwanangu Tabu. Nguzo ya kati, inayobeba paa hapo, ni ile aliyoiaga mume wangu Mtoro alipokwenda vitani Umatumbi. Alikunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi, yaliyobaki akayamwaga chini yake. Isiguswe, alisema, hata nirudi. Mama yake alikuwapo, alisikia.

Jumanne, mwezi 5

Amekuja fundi Mshamu wa Umwe. Kagonga nguzo zote, mchwa wamekula. "Mama Tabu, nyumba hii inabebwa na Bismillahi." Nikacheka. Siku nyingi sijacheka. Akaichoma kisu ile ya kati. Kikazama mpaka mpini, kikatoka kimelowa. Mvua hatujaiona tangu masika. Mzaha ukamwisha. Ing'olewe, akasema, au mtoto ahame. Ahamie wapi? Kwa majirani kote wamejaa waliokimbia vita kutoka kijiji cha Mkongo.

Alhamisi, mwezi 7

Mama mkwe, Bi Sikudhani, ameegemea nguzo tangu alfajiri. Ukiing'oa hii, mwanangu, akaniambia, umemng'oa mumeo huko aliko. Nikampelekea uji. Kunywa, mama, nikamwambia, lakini kesho kutwa utaondoka hapo. Akanitazama kama mgeni.

Mpita njia kasema waliokunywa maji wanaanguka kwa risasi kama wengine. Bi Sikudhani: hao si Mtoro.

Unyevu unapanda nguzoni. Jana ulikuwa magotini. Leo umefika kwenye doa la mafuta, pale Mtoro alipozoea kuegemeza kichwa.

Jumamosi, mwezi 9

Mshamu ameleta boriti za mikoko. Mbili ameziegemeza chini ya mwamba, ule mti wa juu, zibebe paa, kisha akabomoa ukuta. Nguzo sasa haibebi kitu. Kasukuma. Kasukuma na mwenziwe aliyekuja naye. Imeliwa ndani yote, na haitikisiki.

Akaitegea sikio. Akaliondoa upesi. Nikamwuliza amesikia nini. Akasema, mfunike mtoto.

Boriti zinalia. Ardhi chini yake imelowa, zinazama. Paa likishuka hatuna pengine pa kulala. Mshamu anasema nguzo ikatwe sasa hivi, mpya isimame. "Mkono wangu haunitii hapo. Wewe ndiye mkewe." Kaniwekea shoka kizingitini.

Bi Sikudhani ameikumbatia. Anaisemesha polepole, anaiita kwa jina la mwanawe.

Nimeomba nimnyonyeshe Tabu kwanza, ndipo naandika. Ameshiba. Nimemfunga mgongoni kwa kanga mbili. Nimekwisha sema mara ya pili: mama, toa mikono, nakata.