Zamu ya Maji Kijijini Ufaransa

Bibi yangu wa Bawshar, shikamoo!

Nna furaha kweli kweli! Kijiji hiki kidogo cha Ufaransa kimejipachika mlimani, nyumba zote za mawe, na kina mfereji wa kumwagilia mashamba, kama falaji ya kwetu Omani. Bi kizee mmoja alinikuta nauchungulia. Mkwe wake Mmoroko akatufasiria kwa Kiarabu.

Bi kizee akasema, "Wazee wetu waliuchimba kwa mikono. Vita vilipowachukua wanaume, mama yangu na wenzake ndio waliousafisha, maji yasikatike."

Kisha akanivuta. "Leo zamu yangu ya maji. Fungua wewe!"

Nikanyanyua kibao kinachozuia maji, maji yakakimbilia maharage yake, nami nikapiga vigelegele. Bi kizee naye akajaribu vyake, tukacheka mpaka machozi.

Mungu akutunze, Bibi. Nakubusu mikono yote miwili.

Zuwena wako