Kerubo Amesahau Kumhesabu Msichana

Jumamosi, jioni. Mvua imeacha kunyesha, lakini bati bado linadondosha maji kwenye ndoo.

Nimechoka. Wiki nzima nimechuma chai kwenye matope, na leo Sabato, siku niliyoitegemea, nimesinzia kanisani mpaka jirani akanifinya. Kwetu siku hii vitabu vya shule havifunguliwi kabla jua halijazama. Lilipozama tu, binti yangu Kerubo akaniwekea hesabu mezani.

Mzee ana shamba la ekari moja na nusu. Ana wana watatu na binti mmoja. Anawagawia watoto wake sawasawa. Kila mmoja atapata ekari ngapi?

Kerubo alikuwa ameshaandika: nusu ekari. Moja na nusu ameigeuza kuwa nusu tatu, akagawanya kwa tatu, akalipigia jibu mistari miwili. Kazi safi kabisa.

Nikamuuliza, "Umehesabu watoto wote?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua hesabu. "Lakini mama, huyo msichana si ataolewa?"

Sijawahi kumfundisha hilo. Wala hakuhitaji kufundishwa.

Tukafuta, tukaanza upya. Nusu tatu, gawanya kwa nne. Nne tukaigeuza robo, tukazidisha: tatu juu, nane chini. Kerubo akakunja uso, akasema jibu la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Ni kweli. Ukimwacha msichana nje, hesabu inatoka vizuri sana.

Nilikasirika, na si yeye niliyemkasirikia.

Kesho kaka zangu wawili wanakuja kupima shamba la marehemu baba. Mimi ndiye ninayeishi hapa tangu ndoa yangu ivunjike. Nilimuuguza baba humu humu mpaka mwisho, na chai ninayochuma ndiyo hiyo ninayoipalilia mwenyewe. Kaka mkubwa, aliyeko Keroka, ameniandikia kwenye simu: "Dada, kesho tuko njiani. Wewe tupikie tu, hayo mengine tutamaliza sisi." Nikamjibu sawa. Nyama nimeshanunua. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, maana ugomvi nao unataka nguvu, na mimi sina.

Ila nimemfanya mtoto afute jibu lake. Nitamtazamaje kesho nikiwa jikoni nasonga ugali, huku nje wanagawa kwa mbili?

Miguu inaniuma na sijui nitaanza vipi. Labda wataniambia nirudi kwa mume.

Nyama itapikwa, hakuna anayelala njaa kwangu. Lakini kamba ya kupimia ikikunjuliwa, ncha moja nitakuwa nimeishika mimi, na Kerubo atakuwa kando yangu akinisikia nikiwauliza wajomba zake:

Mmehesabu watoto wote?