Kamba ya Mguuni

Jumatatu, 3 Agosti

Nafukuza ndege kwenye zabibu tangu asubuhi. Koo limekauka. Nyemo, mjukuu wangu anayekaa Makole mjini, amefika pwani. Peke yake. Likizo yote anajifunza kusimama juu ya ubao, mawimbi yamsukume. Mtu mzima huyo, ana kazi ofisini. Kuogelea alijifunza bwawani hapa Hombolo, kwa kunitoroka. Nilimchapa. Hakuacha.

Nimempa masharti. Anipigie kabla ya kuingia majini. Anipigie akitoka. Asiingie bila mwalimu. Kasema, "Sawa, mke mwenzangu, nitaripoti kama polisi." Mjinga.

Jumanne, 4 Agosti

Kapiga mara mbili. Vizuri. Mwalimu anaitwa Saidi. Asubuhi kawaweka wanafunzi mchangani tu, walale juu ya ubao, wainuke. Mchana maji ya kiunoni. Huyo Saidi ana akili.

Jumatano, 5 Agosti

Ametuma picha. Ana kamba mguuni! Imeshikana na ubao. Kwetu anayefungwa mguu ni ng'ombe mwenye mateke, akamuliwe. Na mbuzi, asile mahindi ya watu. Nimempigia, nikamfokea. Wewe ni mbuzi wa nani? Akacheka. "Bibi, wote tunafunga." Nikamwambia hao wote si wajukuu zangu. Mjukuu wa mume wangu, mzee Matika, hafungwi kamba na mtu.

Hakucheka tena.

Alhamisi, 6 Agosti

Upepo mkali. Kapiga mara mbili. Habari ya kamba sijauliza. Nimeshasema.

Ijumaa, 7 Agosti

Asubuhi kapiga, anaingia. Mchana kimya. Jua limeinama, kimya. Napiga, inaita tu. Ndege wamekula safu nzima nikiwaangalia. Ugali umepoa.

Jioni ikalia, namba nisiyoijua. Saidi. "Shikamoo, Bibi. Nyemo ni mzima, amelala." Nikakaa chini, hapo hapo kwenye udongo. Kanieleza polepole. Aligeuka kumsaidia mwanafunzi mwingine, Nyemo akaivua kamba. Wimbi likamwangusha. Ubao ukaenda zake, yeye kabaki pasipo na ardhi, maji yanamvuta mbali na ufuko. Akainua mkono kama alivyofundishwa. Saidi akamfuata.

"Ule ubao ndio boya lake, Bibi. Kamba ndiyo inamrudishia. Sijui kwa nini aliivua."

Mimi najua. Nikamshukuru, nikakata simu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nina hasira. Kwanza na bahari. Halafu na Saidi, kwa nini aligeuka? Halafu na Nyemo, mtu mzima hana akili zake? Kufika mchana hao wote wamekwisha, nimebaki mimi. Bahari sijawahi hata kuiona, nikaitolea amri.

Nyemo kapiga, sauti inakwaruza. Hakunitaja kwa Saidi. Angenitaja ingekuwa nafuu. Anasema anarudi nyumbani. Nimekataa. Akirudi hivyo ataogopa maji mpaka azeeke. Nikamwambia, kesho ingia, maji ya kiunoni, mwalimu asimame karibu. Kamba ifunge mwenyewe. Ivute uone kama imeshika.

Akauliza: "Kama mbuzi, Bibi?"

"Kama mbuzi."

Kacheka huku analia.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani sikwenda, kule simu haishiki. Nimekaa kwenye jiwe juu ya shamba. Imelia asubuhi. Imelia tena jua likiwa utosini.

Nikashuka kumhamishia mbuzi kivulini. Fundo nimelikaza, nikalivuta. Limeshika.