Wamae Alipoita Kutoka Chini

Kamakwa, Nyeri
17 Agosti 2025

Mpendwa Tata Magdaline,

Pokea salamu nyingi, mama yangu mdogo, kutoka kwenye baridi yetu. Mwezi huu jua tunalisikia tu kwa majirani. Ukungu unashuka alfajiri na kukaa, nguo haziwezi kukauka, na Baba Shiku ananung'unika kana kwamba mimi ndiye niliyeuleta. Najua wewe huko Lodwar unatafuta kivuli. Mguu je? Ile dawa ya kuchua ilikusaidia, au bado unachechemea hadi zahanati?

Sisi tuko. Shiku ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Ng'ombe wa mama amezaa ndama jike.

Nimejaribu kukueleza mambo ya ndugu yangu Wamae kwa simu. Kila nikifika pale kwenye ngazi sauti inakatika, nawe unasema ni mtandao. Si mtandao, Tata, ni mimi. Acha niandike. Nikilia, karatasi itaningoja.

Unajua tunafanya kazi supamaketi moja, mimi juu nikisimamia keshia, yeye chini kwenye ghala. Simu zetu tunaziacha kabatini asubuhi, kazini tunabeba redio za mkononi, zile za kubonyeza ndipo uongee, ukiachilia ndipo umsikie mwenzako. Juu zinashika vizuri. Lakini ghala liko chini ya ardhi, kuta ni zege nene na rafu ni za chuma hadi darini. Ukiita ukiwa huko, walio juu hawasikii kitu. Mahali pekee unaposikia pande zote mbili ni katikati ya ngazi, zinapokata kona. Tulimlalamikia meneja wetu, Kingori, tukachoka. Kila mara alisema fundi wa antena yuko njiani.

Jumanne moja ya mwezi uliopita, kabla ya chakula cha mchana, lori liliingia lango la nyuma kama linaloleta sukari. Mzee Mugo, bawabu, alipigwa rungu la kichwa kabla hajauliza karatasi. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nashuka kumuuliza Wamae kuhusu maziwa yaliyoharibika. Nilipofika pale kwenye kona, redio ikakohoa.

"Kagure, kuna watu hapa, wako na panga! Usikuje huku! Ita ma..."

Kisha nikasikia kishindo kama gogo linapasuliwa, na ndugu yangu akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu.

Aliangukia redio yake, Tata, kile kidude cha kubonyeza kikabanwa chini ya mbavu zake. Mmoja akibonyeza bila kuachilia, walio karibu naye hawasikii mwingine ila yeye. Kwa hivyo nilisikia yote. Nilisikia akihema. Nilisikia mateke. Nilibonyeza yangu nikaita, "Walinzi, shukeni ghalani, wanamuua Wamae!" Nilipoachilia, sikusikia jibu, nilisikia mateke tu. Sikuweza kujua kama juu wamenisikia au nimeongea na ukuta.

Niligeuka nipande nikawaite kwa mdomo. Hapo ndipo nikasikia sauti ninayoijua ikisema, "Maliza huyo. Ananijua."

Alikuwa Dedan. Dedan wa Kiriaini, aliyefanya kazi na Wamae ghalani mpaka walipomwachisha kazi mwaka jana. Dedan aliyekula Krismasi kwetu, mama akamchagulia nyama ya mbavu na kumwita kijana wangu. Alijua lango, alijua saa, na alijua redio zinakufia wapi.

Sikupanda tena. Niliita mara ya mwisho, nikang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, nikashuka.

Wamae alikuwa chali kati ya marobota ya unga, uso umejaa damu, mkono wa kushoto ameuinua juu kujikinga. Vidole viwili havikuwepo. Mtu mnene alikuwa amenyanyua panga. Nilimpulizia ile poda machoni, akajikunja, nikamshindilia mtungi wenyewe mdomoni. Nilisikia meno. Akaanguka. Nikampiga tena akiwa chini, na tena. Sikujua ninabeba kitu kama hicho ndani yangu. Hata sasa nikikanda unga naiangalia mikono hii.

Wengine wakanijia, na hapo walinzi na wapakiaji wakashuka wakipiga kelele. Kumbe walinisikia tangu mara ya kwanza. Majambazi wakakimbilia lori wakimburuta yule mnene, likaondoka kwa kasi. Dedan aliachwa.

Nilimfunga Wamae mkono kwa aproni yangu, tukambeba kumtoa nje tutafute gari. Uchochoroni watu wa boda na wachuuzi walikuwa wameshamkamata Dedan. Walikuwa na mawe na mbao za makreti. Shati lilikuwa limechanika, jicho moja limefumba. Aliponiona akaniita.

"Dada Kagure, waambie! Waambie unanijua!"

Nilipaza sauti, "Mwacheni! Polisi wanakuja, mwacheni!" Mama mmoja muuza ndizi akanigeukia. "Si huyu ndiye amekata ndugu yako? Na unamtetea?" Akaokota jiwe mbele ya macho yangu. Gari lilikuwa limefika na Wamae alikuwa akinilegea mikononi. Niliingia. Nilisikia zile mbao mpaka tulipokata kona. Polisi walikuta mwili.

Wamae atapona. Walimshona kichwa, vidole viwili vimekwenda. Mzee Mugo naye yuko kwake, anakunywa uji. Antena iliwekwa siku iliyofuata, eti fundi alipatikana. Kingori alinipa redio, akashuka mwenyewe hadi rafu ya mwisho. "Kagure, unanisikia?" Nilimsikia wazi kabisa. Niliiweka ile redio kwenye kaunta nikaenda nyumbani.

Sasa nikuambie kinachonifanya niandike. Wamae alipotoka hospitali alisema anakwenda kumzika Dedan. Mama alifikiri ni dawa zinaongea. Alipoelewa, akasimama mlangoni. "Alisema umalizwe. Ukienda kwa hao watu, hapa kwangu usirudi."

Wamae akamjibu, "Mama, nilimsikia nikiwa chini yake. Lakini vile walimuua, hata mbwa hauawi hivyo."

Nilimsindikiza. Kiriaini kulikuwa na manyunyu, na waombolezaji ni wachache, hata mhubiri alifanya haraka. Walipouona ule mkono uliofungwa, wakatupisha. Monicah, mama yake Dedan, alikuja akaushika kwa mikono miwili.

"Ni yeye alifanya hii?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa nao."

"Na umekuja."

"Nimekuja."

Aliushikilia ule mkono mpaka jeneza likashuka, Wamae akachota udongo kwa mkono mzima.

Tangu siku hiyo anaishi kwangu. Amekwenda kwa mama mara mbili, akabisha, akaambiwa na jirani mama hayuko, na moshi unatoka jikoni. Tata, wewe ni mdogo wake na ndiye pekee anayemsikiliza. Tafadhali mpigie, au upande gari uje. Usimwambie amsamehe Dedan, hiyo ni kati yake na Mungu. Mwambie tu amfungulie mwanawe.

Nisalimie Mjomba Gikunda, umwambie miraa apunguze. Gaceri na Valentine wasome kwa bidii. Wamae anakusalimia, ameomba niandike kwamba maumivu yanapungua. Si kweli, lakini ameomba.

Mungu akulinde na jua hilo, na akulete.

Ni mimi mtoto wa dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Kagure