Kobe Akifika Getini

Jumamosi, 4 Mei

Joto. Saa nne asubuhi na feni inatupulizia hewa ya moto. Baba Watoto kasema twende bustani ya wanyama, angalau kuna miti. Simba amelala. Chui amelala. Tumbili kampokonya Tonge kofia — Tonge ana miaka mitatu, wala hakulia, kavua na viatu akampa. Tumerudi na mtoto peku.

Kazi ilikuwa kwa dada yake. Miaka sita tu, lakini nimembatiza Hakimu, maana hakuna neno la mtu linalopita kwake bila kuhukumiwa. Kasimama kwenye uzio wa kobe saa nzima. Kobe mkubwa kama beseni la kufulia, hakupepesa hata kope. Hakimu kauliza swali lake la kila wikiendi tangu tuhamie nchi hii: lini tunarudi kwetu? Nilikuwa nimechoka, jasho linanitiririka mgongoni.

"Kobe akifika pale getini, tunarudi."

Geti liko upande wa pili kabisa. Nguzo thelathini za uzio, Hakimu kazihesabu mara mbili. Kobe yuko nguzo ya kwanza, kajibanza ukutani. Nikajiona mjanja.

Jumamosi, 11 Mei

Tulipanga kwenda kuogelea. Hakimu kagoma. Bustani ya wanyama tena.

Kobe yuko nguzo ya saba!

Mtunza kobe, bwana mmoja mwembamba mwenye buti za mpira na ufagio, kasema hata yeye anashangaa, huyu babu kwa kawaida haondoki kivulini. Hakimu kaandika 7 kwenye kiganja kwa kalamu na jioni kakataa kuoga. Baba Watoto kacheka mpaka kashikilia uzio. Mimi nami nikacheka, kidogo.

Jumatatu, 13 Mei

Bosi kaniita. Mkataba mpya, miaka miwili zaidi. Anataka jibu tarehe 27.

Mimi ni mhandisi, mkaguzi wa lifti. Kwetu nilibeba sanduku la vifaa miaka tisa, nyuma ya vijana niliowafundisha kazi mwenyewe. Hapa jengo la ghorofa arobaini linasimama linangoja mimi niseme lifti ipande au isipande. Naitaka kazi hii. Naandika humu kwa sababu sijamwambia mtu: naitaka sana.

Nilipomweleza Baba Watoto, kasema niamue tu, yeye popote kambi. Kisha kaenda kuanika nguo. Kwetu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kibali alichopewa hapa hakimruhusu kufanya kazi. Miezi kumi na minne sasa, na sijamsikia akilalamika hata siku moja.

Jumamosi, 18 Mei

Nguzo ya kumi na sita.

Hakimu kaanza kufungasha. Kwenye begi la shule kuna mswaki, soksi sita zisizofanana na picha ya bibi yake. Jana mwalimu wake alipiga simu. Kwa adabu kubwa kauliza huyu mheshimiwa anayetupangia safari ni nani, kwa kuwa mtoto ameaga darasa zima na kugawa kalamu zake za rangi. Nikasema ni kobe. Mwalimu kasema shule itamshikia nafasi mpaka tupate uhakika.

Jumapili, 19 Mei

Nimefanya jambo la aibu.

Niliaga kwamba nakwenda kununua mkate. Nikakata tiketi, nikangoja familia moja imalize kupiga picha, nikaruka uzio — ni wa kimo cha kiuno — nikamkumbatia kobe. Mzito kama mtungi wa gesi! Nimemrudisha mpaka nguzo ya tano huku nikimwomba radhi njia nzima. Kanikojolea sketi. Mhandisi mzima.

Nyumbani Baba Watoto kauliza mkate uko wapi. Nikasema umekwisha dukani. Na sketi? Nikasema mvua. Katazama dirishani, jua la utosi, kasema pole.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapa hapa bustanini, kwenye benchi, maana nikingoja mpaka nyumbani nitapasuka.

Kobe yuko nguzo ya ishirini na nane.

Nilidhani joto limenipanda kichwani. Nikamvuta mtunza kobe pembeni, nikamuuliza huyu babu amepewa dawa gani. Kaegemea ufagio wake, kanitazama kwa huruma.

"Mama, kapataneni nyumbani kwenu. Mzee wako anakuja katikati ya wiki, anamvuta mbele kwa vipande vya tikiti maji. Aliniomba nisiseme, nikanyamaza. Jumapili wewe ukamrudisha, nikanyamaza pia. Basi wiki hii kaja siku tatu mfululizo. Babu wa watu amechoka."

Nimekaa. Sikujua nicheke au nilie. Kilichoniuma si kobe. Kilichoniuma ni kwamba kila aliposema popote kambi niliona raha kuamini, sikumuuliza mara ya pili. Naona aibu kuliko ile ya sketi.

Sasa pale kwenye uzio pamejaa. Hakimu kamtangazia kila mpita njia, na watu kama ishirini wanamshangilia kobe ambaye saa moja iliyopita hawakujua kama yupo. Kuna bibi harusi aliyekuja kupiga picha, kakunja gauni mpaka magotini, anapiga makofi. Tonge yuko mabegani kwa bibi harusi. Sijui kafikaje huko.

Nguzo ya ishirini na tisa.

Baba Watoto amekuja kuketi karibu yangu. Aliniona nikiongea na mtunza kobe. Hakujitetea. Kasema kwa sauti ya chini, "Ukitaka abaki, sema. Nitamrudisha mwenyewe, wewe mgongo utakuuma." Mkataba uko kwenye mkoba wangu, bosi anausubiri keshokutwa. Baba Watoto kakunjua kitambaa cha mfukoni, katoa kipande cha tikiti, cha mwisho, kaniwekea mkononi.

Naandika kwa mkono mmoja. Maji ya tikiti yamefika kiwiko.

Kobe amesimama. Kageuza shingo huku kwenye benchi, ananusa. Bibi harusi kaacha kupiga makofi. Watu wote wanamtazama kobe, isipokuwa Baba Watoto, yeye ananitazama mimi.

Hakimu kaja mbio, kanivuta sketi. "Mama, acha kuandika. Anakungoja wewe."