Mbebwa wa Chumba Kumi na Saba

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefika chuoni. Vyumba vimekwisha! Karani wa malazi kasema hivyo bila kuinua macho: mwaka wa kwanza tuko wengi, waliokosa wajitafutie. Wajitafutie wapi? Simjui mtu hata mmoja hapa. Nikakaa juu ya begi langu kwenye ngazi za bweni, nikijifanya namsubiri mtu.

Katika riwaya zote nilizosoma, msichana anayeanza chuo hufungua mlango, hukuta kitanda dirishani, na nje kuna bustani. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kukalia begi.

Jioni akapita dada mmoja wa mwaka wa pili, mrefu kama mlingoti. Akauliza nalala wapi. Nikasema sijui. Akanyanyua begi langu, akapanda nalo. Basi!

Jumanne, 8 Oktoba

Huku mtu kama mimi anaitwa mbebwa. Asiye na kitanda hubebwa na mwenye kitanda. Chumba namba kumi na saba kina vitanda viwili. Kimoja cha Mrefu — ndivyo wote wanavyomwita. Kingine cha Kimya, ambaye tangu jana hajasema neno ila "hodi," tena akiingia chumbani kwake mwenyewe.

Mimi na Mrefu tunalala mzungu wa nne. Miguu yake usoni pangu usiku kucha. Na masharti nimepewa: nisianike taulo dirishani. Viatu viwe chini ya kitanda, kamwe si mlangoni. Mlezi wa bweni akibisha, mimi ni mgeni, nimekuja kuazima kitabu. Maana akinikamata, mimi nitaambiwa tu niondoke. Mrefu ndiye atakayenyang'anywa kitanda, hadi mwisho wa mwaka.

Nikamuuliza, sasa kwa nini umenibeba?

"Na mimi nilibebwa, mdogo wangu. Lala."

Alhamisi, 10 Oktoba

Mhadhara wa kwanza. Nilitegemea mwalimu mwenye miwani, aulize swali gumu, ninyooshe mkono, ashangae. Kwenye riwaya hawakosi kushangaa! Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Nilikaa sakafuni, nyuma ya nguzo. Mwalimu ni sauti tu kwenye spika, sijui hata kama ana miwani.

Maktaba nayo! Vitabu viliniambia huko ndiko watu hupendana. Aliyekaa mkabala nami leo alilala mdomo wazi, udenda juu ya jedwali la kemia. Nilicheka peke yangu. Halafu ile "peke yangu" ikanichoma, nikafunga daftari nikarudi bwenini.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama kapiga simu. Nilisikia cherehani ikinyamaza, kumbe aliisimamisha anisikie vizuri. Na mteja wa watu anangoja nguo yake! Akauliza, chumba kikoje, mwanangu?

Nikafungua mdomo, riwaya ikatoka. Namba kumi na saba, Mama. Kitanda changu dirishani. Bustani. Ndege asubuhi. (Nje kuna tangi la maji.) Akawasimulia wateja papo hapo, nikasikia vigelegele. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mrefu alikuwa kasikia yote. "Ndege gani hao?" Tumecheka mpaka Kimya akatugeuzia mgongo. Lakini sijisikii vizuri. Sijawahi kumdanganya Mama kwa jambo kubwa.

Jumatano, 16 Oktoba

Ukaguzi! Nilijibanza chumba cha kufulia, nyuma ya shuka za watu. Kimya — Kimya! — ndiye aliyemwambia mlezi kwamba humu wapo wawili tu. Nikaenda kumshukuru.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Mrefu akitolewa wataniletea mwingine. Huyu nimeshamzoea."

Ijumaa, 25 Oktoba

Jaribio la hesabu Jumatatu. Mrefu kanifundisha mpaka nimeelewa, tena kwa matusi. Eti kichwa changu kigumu kuliko godoro la chuo. Miguu yake siku hizi siioni kabisa. Leo nilimwambia mtu "narudi nyumbani" nikimaanisha hapa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mama amekuja! Hakupiga simu, alitaka kunishtukiza. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu zake, hawezi kuingia kwa watu bila kubisha kwa mwenyewe. Kabisha ofisini kwa mlezi. Kajitambulisha. Kataja namba kumi na saba, kitanda cha dirishani. Mlezi kampandisha mwenyewe, na mfuko kambebea.

Mimi nilikuwa kitandani, taulo kichwani.

Mlezi akatazama kitanda: mto huku, mto kule. Mbele ya Mama hakugomba. Alimkaribisha vizuri, kisha akamwambia Mrefu, kwa upole kabisa, amfuate ofisini. Mrefu akavaa viatu. "Shikamoo, mama. Jisikie nyumbani." Akatoka. Hajarudi. Kimya ananitazama, na leo ndiyo siku niliyotamani aseme neno.

Mama yuko juu ya kiti, anatundika pazia alilonishonea. Ameliona tangi. Anasema bustani ya chuo ina maumbo yake, basi pazia litaisitiri. Kisha, pini mdomoni: yule binti mrefu analala wapi? Mbona ninyi watatu, vitanda viwili?

Nikasema, subiri kidogo, Mama. Nikashika kalamu, nijipange kwanza. Naogopa. Lipo la kufanya, tena ni moja tu: nishuke ofisini sasa hivi, nimwambie mlezi nahama leo hii hii, Mrefu aachiwe kitanda chake. Lakini siwezi kumpita Mama na begi mgongoni kama mwizi. Lazima asikie kwanza. Nitamwambia: hakuna kitanda, Mama. Hakikuwahi kuwepo.

Nimemwambia ateremke, nina neno. Ameteremka. Amekaa kwenye mto wa Mrefu, mikono mapajani. Ameniona naandika, akamnyamazisha Kimya kwa kidole. Kimya!

"Maliza kwanza masomo yako, mwanangu," anasema. "Mimi nipo."